Kabla ya Kuuza Mbuzi wa Mwisho: Somo la Kikundi Juu ya Bima ya Afya



Somo la safari hii ni la ugonjwa na pesa. Linatosha mikutano miwili, kwa hivyo msilikimbize. Mmoja asome kwa sauti, na penye swali asimame ili watu waongee. Wasiofuata Kiswahili vizuri watafsiriwe kwa Kiborana, Kiturkana, Kisamburu, Kisomali au Kimeru, maana jambo hili linagusa kila boma.

Swali la kwanza ni hili: mtu wa kikundi chenu akilazwa hospitali leo usiku, pesa itatoka wapi? Subirini majibu kabla ya kuendelea.

Majibu huwa karibu yaleyale. Tutauza mnyama. Tutaita harambee. Tutakopa kwa mwenye duka. Kijana aliye Nairobi atatuma kwa simu. Njia hizi zimetusaidia miaka mingi na hatuzidharau. Lakini tazameni zinavyofanya kazi. Mnyama anayeuzwa kwa haraka huuzwa kwa bei ya mnunuzi, si yako. Ugonjwa ukija wakati wa kiangazi, mbuzi amekonda, na soko la mifugo la Isiolo limejaa mbuzi wa wenzako waliokonda vilevile. Harambee nayo inamfaa mwenye jamaa wengi. Mjane asiye na watu akiita harambee, anakusanya ya nauli tu. Na deni la duka halingoji mgonjwa apone, na akifa, wanalirithi watoto.

Kwa njia hizi zote, pesa hutafutwa mtu akiwa tayari yuko kitandani. Bima hutafuta pesa wakati watu ni wazima. Wengi wanaweka kidogo kidogo mahali pamoja, na wale wachache watakaougua mwaka huo ndio wanatumia. Hakuna ajuaye ni nani, ndiyo maana wote wanaweka.

Mtu asiseme haya ni mambo ya wazungu. Waborana wana busa gonofa: mtu akipoteza mifugo kwa ukame au uvamizi, ukoo unamtolea wanyama aanze tena. Anayetoa leo anajua kesho anaweza kuwa yeye. Wakristo nao wakumbuke yule Msamaria wa Injili ya Luka. Hakuishia kufunga vidonda. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili mapema, kwa siku ambazo yeye mwenyewe hangekuwepo.

TUMETOKA WAPI

Hazina ya bima ya hospitali, NHIF, ilianzishwa mwaka 1966 kwa watu wa mshahara. Kuanzia 1972 wasioajiriwa waliruhusiwa kujiunga kwa hiari, lakini mfugaji wa Cherab au muuza maziwa wa Kinna, nani alimweleza? Wengi wetu tulijua NHIF kama kitu cha mwalimu na karani. Halafu Desemba 1989 serikali ikaanza kutoza ada katika hospitali zake, ile iliyoitwa kuchangia gharama. Iliondolewa kwa sehemu mwaka 1990, ikarudi 1992. Wazee mnaokumbuka miaka hiyo waelezeni vijana: watu walibaki nyumbani na homa kwa kukosa shilingi chache. Mwaka 2004 ada ya dispensari ikashushwa kuwa shilingi 10 na ya kituo cha afya shilingi 20, na Juni 2013 hata hizo zikafutwa, pamoja na ada ya kujifungua katika hospitali za serikali. Tangu 2016 mpango wa Linda Mama ukawa unamlipia mama mjamzito kupitia NHIF bila yeye kutoa mchango.

Kisha likaja jambo ambalo Isiolo inalijua kuliko kaunti nyingi. Tarehe 13 Desemba 2018, huko Kisumu, Rais Uhuru Kenyatta alizindua majaribio ya afya kwa wote, yaliyoitwa Afya Care. Kaunti nne zilichaguliwa: Kisumu kwa sababu ya magonjwa ya kuambukiza, Machakos kwa ajali za barabarani, Nyeri kwa magonjwa kama kisukari na shinikizo la damu, na Isiolo kwa sababu watu wake wanahama na mifugo. Wahudumu wa jamii walizunguka kuandikisha maboma. Mtu aliyeandikishwa alitibiwa katika hospitali ya kaunti bila kulipa.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Watu walifurika. Waliokuwa wameficha maradhi kwa miaka walijitokeza. Sehemu kubwa ya pesa ilikwenda KEMSA kununua dawa, lakini wagonjwa waliongezeka kuliko dawa, na wengi walipewa karatasi wakanunue dukani. Majaribio yalikuwa ya muda, na muda ulipokwisha ada zikarudi.

Hapa mwalimu wa kikundi asimame kidogo, kwa sababu watu wengi wamechanganya mambo mawili. Afya Care haikuwa bima. Ilikuwa ni serikali kulipa na mwananchi kutolipa. Ilipokuwepo ilisaidia sana, na mimi sina neno baya kwa mtoto aliyepona. Lakini mwananchi hakuwa mwanachama wa kitu chochote. Pesa iliposimama, hakuwa na risiti ya kuonyesha wala haki ya kudai. Alikuwa mgeni katika nyumba ya mwingine.

SASA TUKO WAPI

Tarehe 19 Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, na tarehe 1 Oktoba 2024 mamlaka mpya, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Kadi yako ya zamani ya NHIF ni kumbukumbu tu.

SHA ina mifuko mitatu, na ni lazima kikundi kielewe tofauti yake, maana hapa ndipo watu wanaumia.

Mfuko wa kwanza ni wa afya ya msingi. Unalipia matibabu ya kwenda na kurudi katika dispensari na vituo vya afya vilivyo na mkataba na SHA. Huu hautaki mchango wako. Unataka ujiandikishe tu, basi.

Mfuko wa pili ndio bima yenyewe. Unalipia kulazwa, upasuaji, kujifungua na mambo makubwa ya hospitali. Huu unataka mchango uwe umelipwa. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiyeajiriwa anaulizwa maswali juu ya boma lake, kama vile kuta, paa, choo, moto wa kupikia na mali iliyopo, halafu anapangiwa kiasi. Kiasi cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini asiyeajiriwa analipa mwaka mzima kwa mara moja: shilingi 3,600. Mchango huo ni wa boma: baba, mama na watoto wao walioandikishwa.

Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa mazito ya muda mrefu, pale bima ya kawaida inapoishia.

Sasa akina mama wasikilize vizuri. Linda Mama haikutaka mchango. Chini ya SHA, kujifungua kunalipwa na ule mfuko wa pili. Maana yake, mama aliyejiandikisha lakini boma lake halijalipa anaweza kufika hospitali akidhani amelindwa, kumbe sivyo. Kujiandikisha na kulipa ni vitu viwili. Kati ya mamilioni waliojiandikisha nchini, wasioajiriwa waliolipa ni sehemu ndogo. Je, hapa kikundini wangapi wamejiandikisha? Na kati ya hao wangapi wamelipa? Hesabuni kwa kuinua mikono, na katibu aandike.

MCHEZO MFUPI

Watatu waigize mbele ya wengine. Wasisome tu, waongee kama wanavyoongea nyumbani.

Mzee: Mimi, binti yangu, sijalazwa tangu ile mvua ya El Nino. Nilipe 3,600 kwa nini? Si ni kutupa?

Mama: Mzee wetu, shikamoo. Na mke wa kijana wako ana mimba ya miezi sita, sivyo?

Mzee: Huyo ni boma lingine. Ana mumewe.

Mama: Sawa. Mumewe amelipa?

Mzee: Huyo? Amesema atalipa siku ikifika.

Mweka hazina: Siku ikifika ndiyo siku mbaya ya kutafuta pesa, Mzee. Akihitaji upasuaji, hospitali inadai. Kwa viwango vya SHA vilivyotangazwa ilipoanza, kujifungua kwa kawaida ni 10,000 na kwa upasuaji ni 30,000. Kama mchango umelipwa, SHA inalipa hospitali. Kama haujalipwa, unalipa wewe.

Mzee: Elfu thelathini! Hiyo ni mbuzi wangapi?

Mama: Hesabu mwenyewe, bei ya soko unaijua kuliko sisi.

Mzee: (ananyamaza) Na mimi nisiyeumwa? Mwaka ukiisha narudishiwa yangu?

Mweka hazina: Hapana, Mzee. Hairudi. Imemtibu mwingine.

Mzee: Basi hapo ndipo mnanipoteza.

Mwisho wa mchezo. Ulizeni: Mzee amekosea wapi, na wapi ana haki? Msimcheke. Swali lake ni la kweli na linaulizwa kila mahali. Jibu moja ni hili: akijiunga mgonjwa peke yake na mzima akakaa nje, mfuko unakauka. NHIF ilipata shida hiyohiyo. Mchango wa wasioajiriwa ulikuwa shilingi 160 kwa mwezi, ukapandishwa 500 mwaka 2015, na wengi walilipa wakati kuna mgonjwa nyumbani, wakaacha akipona. Mfuko wa namna hiyo ni kama kisima ambacho wote wanachota na hakuna anayezibua mchanga.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI

Majirani zetu walijaribu mapema. Tanzania ilianza Mfuko wa Afya ya Jamii wilayani Igunga mwaka 1996. Boma likitoa mchango wa mwaka, serikali inaongeza kiasi sawa, wakaita "tele kwa tele". Lilikuwa wazo zuri, lakini wanachama walibaki wachache miaka mingi, kwa sababu kila boma liliachiwa lijiamulie peke yake.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa Kisiizi, hospitali ya Kanisa la Uganda huko kusini-magharibi mwa Uganda. Vijiji vya milimani huko vilikuwa na vikundi viitwavyo engozi. Engozi ni machela ya kusuka. Mtu akiugua, wanakikundi wanambeba kwa zamu kushuka mlima hadi hospitali, na akifa wanambeba kumrudisha. Mwaka 1996 hospitali iliona: watu hawa tayari wanabebana, kwa nini wasibebane na gharama? Ikaanzisha bima kupitia vikundi hivyo. Haikuandikisha mtu mmoja mmoja anayekuja akikohoa. Ilitaka sehemu kubwa ya kikundi iingie pamoja, wazima na wagonjwa. Mpango huo uliota mizizi kwa sababu kikundi kilikuwepo kabla ya bima.

Na sisi vikundi tunavyo. Tuchukue kikundi cha maboma 20, na kila boma limepangiwa mchango wa chini. Kila boma likitoa shilingi 10 kwa siku, kwa mwaka ni 3,650. Wengi watasema hiyo ni rahisi, lakini pesa ya kila siku ni ngumu kukusanya. Tufanye 300 kila mwezi, kama mzunguko ambao mnaujua tayari.

Mwezi wa kwanza mnakusanya 6,000. Mnalipia boma moja 3,600, zinabaki 2,400. Mwezi wa pili mnakusanya 6,000, jumla 8,400. Mnalipia maboma mawili, 7,200, zinabaki 1,200. Mwezi wa tatu mna 7,200. Mnalipia mawili tena na sanduku ni tupu. Kila miezi mitatu maboma matano yamelindwa, na mwaka ukiisha yote 20 yamelipiwa. Mweka hazina aifanye hesabu hii ubaoni au hata mchangani, kila mtu aone. Boma lililopangiwa zaidi ya 300 liongeze tofauti lenyewe zamu yake ikifika.

Ugomvi utatokea kwenye zamu. Nani wa kwanza? Vikundi vingi hupiga kura ya vikaratasi. Mimi naona kwa jambo hili kura si haki. Aanze mwenye mimba, kisha mwenye mgonjwa wa kudumu, kisha wazee. Wenye nguvu wawe wa mwisho. Lakini kuna hatari: boma la kwanza likishalindwa linaweza kuacha kutoa, na wa mwisho wakabaki mikono mitupu. Kwa hiyo kabla ya shilingi ya kwanza kuingia, andikeni katika kitabu cha mikutano adhabu ni nini, na mwenye zamu ya mwanzo awe na wadhamini wawili. Msione haya kuandika. Urafiki mwingi umevunjika kwa mambo ambayo hayakuandikwa.

Malipo ya mwaka kwa mpigo ni mzigo mzito kwa mama anayechuuza mboga au maziwa, na viongozi wetu waambiwe hivyo bila kuficha. Kwa mfugaji si vibaya hivyo. Yeye hana mshahara wa mwezi, ana msimu. Baada ya mvua, mbuzi akiwa amenona na bei imepanda, auze mmoja kwa bei yake na alipe mwaka mzima. Huyo mbuzi mmoja anaweza kuzuia kuuza wengi kiangazini. Mnakumbuka ukame ule mrefu ulioanza 2020 hadi mwanzo wa 2023, jinsi mifugo ilivyokwisha? Aliyelazimika kumtibu mtu mwaka ule aliuza nini?

Kuna pia mpango ulioanzishwa 2025 uitwao Lipa SHA Pole Pole, ambapo mtu anakopeshwa mchango wa mwaka na kuurudisha kidogo kidogo. Ni mkopo. Ulizeni gharama yake kabla ya kubonyeza simu. Kikundi chenye nidhamu hakihitaji mkopo huo.

Na maboma yasiyoweza kabisa? Yapo, tusidanganyane. Oktoba 2025 serikali ilianza mpango wa kuwalipia wasiojiweza, awamu ya kwanza watu milioni 2.2 nchi nzima. Majina hutokana na yale maswali ya hali ya boma. Boma ambalo halijajibu maswali hayo haliwezi kuonekana. Kwa hivyo kazi ya kikundi ni kuhakikisha mjane, mlemavu na mzee wa peke yake wamekaa na mhudumu wa afya ya jamii wakajibu, na wamejibu kweli. Baadhi ya watu hujipamba mbele ya mgeni, wanasema wana kila kitu kwa kuona haya. Aibu hiyo inaweza kuwafungia mlango.

VIKWAZO VYA KWETU

Kitambulisho. Bila kitambulisho cha taifa huandikishwi kama mkuu wa boma, na vijana wetu wengi bado wanahangaika nacho. Kikundi kiorodheshe wasio nacho na kimfuate chifu kwa pamoja, maana mmoja mmoja huambiwa rudi kesho. Vivyo hivyo vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kujiandikisha kwenyewe ni kwa simu, *147#, au kupitia mhudumu wa afya ya jamii, au Kituo cha Huduma mjini Isiolo. Penye mtandao hafifu kama upande wa Sericho na Merti, pangeni siku moja, mwite mhudumu, maboma yote yaje.

Umbali. Bima hailipi lori la kumtoa mama Merti hadi mjini wakati mvua imeharibu barabara. Kama mnaweza, tengeni sanduku dogo la pili, la safari tu, hata shilingi 20 kwa mwezi kwa kila boma, na mkubaliane mapema na mwenye gari. Huyo mwenye gari awe anajulikana na namba yake ibandikwe kwenye mlango wa dispensari.

Dawa. Tulijifunza kwa Afya Care kwamba kadi haiponyi mtu kama rafu ni tupu. Sheria nyingine ya 2023, ya fedha za vituo vya afya, inasema pesa ambayo kituo kinalipwa ibaki kituoni kitumie. Kamati ya dispensari yenu inaweza kuuliza: SHA imelipa kiasi gani, na zimenunua nini? Ulizeni kwa heshima, lakini ulizeni kila mara.

Wizi. Mwaka 2025 Wizara ya Afya chini ya Waziri Aden Duale ilisimamisha hospitali kadhaa kwa kudai malipo ya wagonjwa hewa. Hao wagonjwa hewa ni majina ya watu kama sisi. Usiweke kidole kwenye mashine wala kutoa namba ya siri iliyotumwa kwa simu yako kama hujatibiwa siku hiyo, hata ukipewa soda na sukari.

MASWALI NA KAZI YA MKUTANO UJAO

Zungumzeni katika vikundi vya watu watano. Mara ya mwisho boma lako kuuza mnyama kwa ajili ya ugonjwa, ulimuuza kwa bei gani, na angeuzwa kwa ngapi wakati wa malisho? Ni nani katika kijiji chetu hataweza 3,600 hata tukifanya nini, na kikundi kinaweza kumbeba au tumpeleke kwa mpango wa serikali? Mzee wa kwenye mchezo akija kwenu kesho, mtamwambia nini?

Mkutano ujao kila boma lilete kitambulisho, vyeti vya watoto, na simu. Katibu aandae ukurasa wenye safu nne: jina la boma, limejiandikisha au bado, limepangiwa kiasi gani, na tarehe ambayo mchango wake unaisha. Safu ya mwisho isomwe kwa sauti kila mwezi, kabla ya kufunga mkutano kwa sala.